Tuachieni Kwamboka Wetu

Mgeni rasmi, Mama Mkuu Inés, uliyetoka Meksiko hadi huku kwetu machimboni: keti, pumua, chai inakuja.

KARIBU

Sisi akina mama wapiga msasa wa hapa Tabaka tunakupokea kwa mikono miwili, hata kama ina vumbi. Wanaume huchonga, sisi husugua mawe kwa msasa ndani ya karai la maji mpaka yang'ae. Leo tumeacha makarai ili kusherehekea siku ya watu wa Meksiko na majirani zao wa kule, kama tufanyavyo kila Septemba tangu Sista Ximena, mtawa wa shirika lako, atuzoeze.

TULIKOTOKA

Sista alifika miaka kumi na tisa iliyopita kufanya kazi katika zahanati. Siku moja aliketi kati yetu bila kualikwa, akatumbukiza mikono karaini. Kucha zikaisha, asilalamike. Mwenyekiti wetu, Mama Bathsheba, akampa jina Kwamboka, yaani aliyevuka, maana alivuka bahari kutufikia.

Alitamani jiwe la kusagia mahindi kama la nyanya yake. Sisi, kwa kujigamba, tukamwambia mchongaji Omwenga amtengenezee la jiwe letu la Tabaka, lenye maua pembeni. Lilipendeza ajabu. Lakini jiwe letu ni laini, hata ukucha hulikwaruza, na mkate wa kwanza mwembamba wa mahindi ulijaa unga wa mawe. Sista akautafuna wote, machozi yakimlenga, akasema, "Mtamu."

Mama Bathsheba akatema wake. "Kwamboka, wewe ni mwongo."

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Kesho yake Omwenga, kwa haya, akaleta jiwe gumu la mtoni.

MAFANIKIO

Mikate hiyo myembamba, totiya, sasa tunaipika wenyewe kwa mahindi ya mashamba yetu. Tunaikunjia maharagwe na mboga ya chinsaga, na Jaffer mwenye hoteli Nyamira mjini huichukua kila siku ya soko. Watoto wetu wanahesabu Kihispania hadi ishirini, tena kwa lafudhi ya Kikisii. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulipona kweli.

CHANGAMOTO

Tumesikia kuna barua kutoka shirikani kwenu. Inasema Sista ametimiza miaka sabini, arudi kwenye nyumba ya masista wazee. Yeye hajatuambia neno. Tulimwona tu akigawa blanketi zake, tukaulizana, huyu baridi ya Julai ataipitishaje? Mama Mkuu, tumeumia. Kwetu mzee hapelekwi mahali akatunzwe. Hutunzwa pale alipozoeleka.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi manne: tangi la maji, paa la kibanda, mashine ya kusaga, na hili. Matatu tumeyafuta kwa hiari yetu. Tunaomba Sista abaki. Chumba kipo kwa Mama Bathsheba, na zamu za kumpikia uji tumeshazipanga hadi Desemba ya mwaka ujao.

Sista Ximena, utusamehe. Risala ya tangi uliyotuchapia jana imo mkobani mwa Roselyne, katibu wetu anayesoma. Hii tuliiandika wenyewe ukiwa kanisani.

Mama Mkuu, Mungu akulinde njiani, akupe maisha marefu na moyo mwepesi wa kusema ndiyo.

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama Wapiga Msasa, Tabaka.