Udongo Chini ya Baraza la Nanyama

Mimi ndiye niliyeliangusha baraza la Nanyama, wanangu, wala si baba yenu. Shiundu, funga mlango kwanza, halafu kaa hapa kitandani karibu na miguu yangu. Nawe Muhonja achana na hizo sufuria, zitaoshwa. Daktari aliwaambia nyinyi mkiwa nje, mkadhani sikusikia, lakini mgonjwa akiishiwa na kila kitu masikio humbakia. Nisikieni leo nikiwa bado na sauti, na msinikatize, maana mkinikatiza nitapata nafasi ya kujitetea, na nimejitetea miaka ya kutosha.

Mmekua mkiambiwa kwamba baba yenu Murunga, fundi wa kupaka mbao, ndiye aliyemshauri mama wa watu ajaze udongo chini ya baraza lake la mbao, mchwa wakaingia, wakala, likaporomoka, na Nanyama akavunjika mguu ule anaouburuta mpaka leo. Shiundu, wewe umeyaonja hayo. Umeshika brashi ya baba yako, ukapita mtaa wa Laini Saba ukiomba kazi, na wazee wa vibandani wakakucheka, "Huyu si ni yule mtoto wa fundi wa udongo?" Juzi ulirudi ukaitupa brashi juu ya kabati, ukasema afadhali utafute uaskari wa usiku huko Ayany wanakojenga, uishie alikoishia baba yako. Mimi nikageukia ukuta. Ulidhani ni maumivu.

Baba yenu alijua mbao jinsi mchungaji wetu anavyojua Zaburi. Oili chafu aliiomba kwa mafundi wa magari, akaichuja kwa gunia, akaichanganya na mafuta ya taa ili izame ndani ya mti, isikae juu kama masizi. Ubao wenye maji hakuupaka hata umlilie. Alisugua kwanza kwa maji ya magadi, akaliachia jua la Januari likaushe, ndipo akapaka kufuata nyuzi za mti, na vichwa vya mbao akavirudia, akisema hapo ndipo mti unapokunywa. Na alikuwa na sheria moja aliyoitaja hata akinywa uji: udongo usiguse ubao, upepo upate pa kupita. Hiyo sheria ndiyo niliyomwibia.

Ua wetu huu wa mabanzi hapa mtaani Lindi ulikuwa umepauka kama mifupa. Kila Januari nilimwambia, "Baba Shiundu, na sisi je?" Ananijibu, "Tutafika, mama." Hatukufika. Lakini Januari hizo hizo alikuwa Laini Saba kwa Nanyama, mjane mwenye hoteli ya chai kando ya reli, amepiga magoti juu ya baraza lake, analipaka bila kulipwa. Sababu alinieleza. Wakoli, marehemu mume wa Nanyama, ndiye aliyemfundisha kazi alipofika Nairobi hana hata viatu, na alipokuwa akikata roho alimwomba alitunze baraza lile, maana ndilo linaloketisha wateja na ndilo litakalomlisha mjane wake. Alinieleza mara nyingi na kwa upole. Sikuamini. Hata leo, hapa nilipolala, naamini nusu.

Siku moja nilimfuata, nikasimama nyuma ya kibanda cha makaa. Nikamwona anaupapasa ubao kwa kiganja, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nanyama alikuwa mlangoni na birika.

"Wee Murunga, hiyo mbao utaioa lini?"

"Bado natafuta mahari," akasema, na wateja wote wakaangua kicheko.

Alicheka naye, wanangu. Hapa nyumbani alikuwa mtu wa kunyamaza, na mimi nilikuwa nimeshaukubali ukimya wake kama maumbile aliyopewa na Mungu. Kumbe maneno alikuwa nayo. Yalikuwa yakipelekwa kwingine. Nilimwangalia Nanyama jinsi Sauli alivyomwangalia Daudi, na nawaambia kweli, jicho lile likishafunguka halifungiki kwa kuimba wala kwa kufunga chakula.

Na wanawake wa pale bombani hawakunisaidia. Mmoja akaniita, foleni nzima ikisikia, "Mama Shiundu, ua wako umekauka hivyo, na bwana yako ako Laini Saba anapaka mwingine mafuta!" Wakacheka hadi ndoo zikagongana. Nikarudi na maji nusu. Nawe Muhonja, ulikuwa mdogo, siku hiyo hiyo ukaja na andazi la Nanyama mkononi, ukaniambia yake ni matamu kuliko yangu. Nilikuchapa, nikasema ni kwa kuchelewa. Nisamehe na hilo.

Ikatokea babu yenu akaugua, baba yenu akaitwa nyumbani Kabras, akakaa huko tangu kupanda hadi kuvuna. Mvua ilikuwa haijakolea. Nikavaa kitambaa changu cha kanisani, nikaenda kwa Nanyama na sauti ya dada katika Bwana.

"Baba Shiundu ameniachia ujumbe wako," nikamwambia. "Hapo chini ya baraza ujaze udongo, uushindilie mpaka ukutane na mbao, lisitikisike."

Akashangaa. "Si yeye husema upepo upite?"

"Hiyo ni ya kiangazi. Mvua ni mambo mengine."

Akanishukuru. Akanimiminia chai, nikainywa yote. Nilipopita tena nikamkuta ameinama na jembe, anajaza mwenyewe, jasho linamtoka, akanipungia mkono. Nami nikampungia.

Nilitaka nini? Nilitaka mbao zioze kidogo, baraza lichakae, baba yenu akirudi akate tamaa nalo, abaki kwake. Mguu wa mtu sikuuomba. Lakini mchwa hawakuniuliza nataka kiasi gani. Walipanda kutoka kwenye udongo wangu, wakala ndani kwa ndani, wakaiacha juu ile rangi ya kahawia ya baba yenu ikipendeza vile vile, mtu asijue anakanyaga ganda. Jumamosi moja hoteli ikiwa imejaa, Nanyama akatoka na birika la chai ya wateja, na baraza likaenda chini naye.

Baba yenu aliporudi tulikwenda pamoja kumwona. Nisipokwenda ningeulizwa kwa nini. Watu walikuwa wamejaa, na Mzee Kiragu wa Kawangware alikuwepo pia, mwenye ploti za kupangisha, aliyekuwa amemwahidi baba yenu kazi ya kupaka ua wa ploti zake zote, kazi ambayo ingetutoa hapa. Akachokonoa ule udongo kwa fimbo.

"Fundi, nani alisema huu uwekwe hapa?"

Nanyama alikuwa kitini, mguu ndani ya plasta. Akasema, "Ujumbe nililetewa na..." Akaniona nyuma ya bega la baba yenu. Baba yenu akageuka akanitazama mara moja tu, kisha akamtazama Nanyama, na hao wawili wakaelewana mbele yangu bila kutoa neno.

"Ni mimi nilisema," akasema. "Nilikosea."

"Basi ua wangu usiuguse," Kiragu akamwambia. "Fundi wa udongo simtaki." Jina likaanzia hapo, na kazi ikaishia hapo.

Mtasema, mama, hapo si ungeshukuru? Ningeshukuru, kama ningekuwa mtu mwingine. Mimi niliumia upya. Walikuwa sasa na siri yao, hao wawili, na siri ile ilikuwa ni mimi. Hakuniuliza kamwe, si mezani, si njiani, si siku alipokuwa anakufa. Nilimngoja anikaripie, anipige hata, nijue kwamba kosa langu limefika kwake. Januari iliyofuata akaupaka ua wetu wote, mabanzi hadi vichwa, akanawa mikono, akaenda kwenye uaskari wake wa usiku. Nikautazama ukipendeza nikashindwa kuufurahia. Na kwenye mazishi yake, Nanyama alipokuja na fimbo yake akalia, nilimwambia moyoni: hata kulia unataka kunishinda. Mungu aliniona. Nilikuwa mjane mbele ya jeneza, nachunga machozi ya mwanamke mwenzangu.

Nipe maji, Muhonja. Kidogo. Inatosha.

Sasa shikeni. Chumba hiki na kinachofuata ni vyako, Muhonja, usiogope ndugu za baba yenu wakisema msichana hapewi. Semeni mama ametamka akiwa na akili zake. Vile vya nyuma tunavyopangisha ni vya Shiundu, pamoja na madebe na brashi. Ua huu muupake kila kiangazi, na majani na takataka mziondoe chini yake, pabaki wazi. Wapangaji msiwafukuze kwa sababu ya maneno ya bombani. Muhonja, ukiolewa, jambo likikukera kwa mume wako mwulize yeye, siku hiyo hiyo, kwa mdomo wako. Usiende kuuliza nyuma ya kibanda cha makaa.

Shiundu, usiende Ayany. Kazi ya baba yako haikuwa na kosa. Lakini mkienda kuyasema haya nyinyi wenyewe watasema mmejitungia kumsafisha mzee wenu, kwa hiyo lazima yatoke kwangu, Nanyama akisikia, na mzee wa kanisa awepo, na Kiragu kama bado anaweza kutembea aletwe, anione ninayesema. Nimeogopa siku hiyo kuliko ninavyoogopa kaburi. Naogopa kwamba Nanyama atanisamehe. Akinisamehe atakuwa amenishinda tena, na wakati huu mbele ya watu. Basi anishinde.

Akija mpeni kigoda, mguu wake haupendi kuning'inia kitandani. Kile kiti cha baba yenu msimpe. Hilo... hilo bado sijaliweza. Bwana atalimaliza huko mbele, mimi nguvu zimeniishia.

Leteni vichwa vyenu hapa. Mkono hauinuki, wekeni nyinyi. Mungu wa baba yenu awape kazi ya mikono na watu wa kuiheshimu. Awape kucheka mkiwa nyumbani kwenu. Asiwape... asiwape jicho langu. Mpendane. Mfunike... nimesahau nilichotaka kusema. Ni sawa.

Shiundu, mwanangu, usingoje kesho. Nenda ukaniitie Nanyama.