Msalaba wa Kona ya Mtoni

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja licha ya barafu hii, tunamsindikiza Verlyn Haugstad, na kwa kuwa yeye hakupenda hotuba, haya ni maisha yake tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1936, katika ranchi ya wazazi wake kando ya Mto Milk, kaskazini mwa Montana, akasoma shule ya chumba kimoja hadi darasa la nane, akatoka anajua hesabu za ng'ombe na hataki nyingine. Alitumikia jeshi kuanzia 1955 hadi 1957, akarudi, akaajiriwa kuendesha greda la barabara, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 1998.

Alifunga ndoa na Ardis Lindvig tarehe 14 Juni 1959, katika kanisa hili hili la Kilutheri, wakajaliwa watoto wawili, Curtis, anayewasomea haya, na Renae.

Katika chama cha wanajeshi wa zamani, Verlyn ndiye aliyesimika misalaba myeupe ya barabarani, mmoja kwa kila aliyekufa kwa ajali, bila jina, kwa sababu ule si kaburi, ni onyo kwa anayepita. Tarehe 3 Novemba 1979 Renae, akiwa na miaka kumi na minane, alikufa kwa ajali ya gari kwenye kona ya mtoni, akiwahi nyumbani chakula cha jioni. Wenzake Verlyn walitaka kumsaidia, akawaambia wakae na kahawa yao, akauchomelea msalaba mwenyewe, akausimika mwenyewe, na kila Mei akaupaka rangi, akisimama pale kusikiliza magari yanavyopunguza mwendo, kana kwamba mojawapo lingekata kona kuingia nyumbani kwake.

Mwaka 2004 barabara ilinyooshwa, kona ikabaki malishoni, na Verlyn, aliyehamishia misalaba ya watoto wa wenzake kwenye barabara mpya bila kuuliza mtu, huu hakuugusa. Alikuwa akiupaka rangi katikati ya ng'ombe, hadi Septemba 2010, kijana mmoja alipopinduka na gari kwenye mteremko mpya, akapona kwa bahati tu, na Ardis akamwambia mezani, "Verlyn, ng'ombe hawaendeshi gari. Mtoto wetu anamwonya nani huko?"

Akajibu, "Nikiutoa, nitamfuata wapi?"

"Pale hayupo, mzee. Angekuwepo, ningekuwa nimeshampelekea koti."

Kesho yake aliung'oa, akausimika juu ya mteremko, unapoonekana kutoka mbali, ila jioni aliendelea kwenda kukaa kwenye kona tupu na chupa yake ya kahawa, na chakula kikapoa, na mkewe akanung'unika, na hakuna aliyewahi kumfuata kumrudisha.

Alianza kuugua moyo mwaka 2021, akafariki tarehe 22 Februari 2023, nyumbani, kitandani mwake, kwa hiyo hastahili msalaba wa barabarani, na wajukuu waache kuuliza.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, majirani waliolisha ng'ombe wetu na kutuletea bakuli nyingi za viazi kuliko matumbo yaliyopo, na wenzake wa greda, walioondoa theluji hadi makaburini tangu alfajiri.

Tukitoka hapa tutapita mteremkoni. Wengi wenu mmeupita msalaba ule mkikimbia, na magari yenu tunayajua. Leo punguzeni mwendo, kama mtu aliyekaribia kukata kona kuingia nyumbani kwao.

Pumzika kwa amani, Verlyn, tunakuja polepole.