Hapo Umenielewa: Maisha ya Mwalimu Upande wa Pili

Ndugu, jamaa, majirani, walimu wenzake, na nyinyi wanafunzi mliojazana mistari ya nyuma kama kawaida yenu: poleni, na asanteni kwa kuja. Marehemu aliagiza wasifu wake usomwe na mdogo wake wa kike, usiwe mrefu, na usimsifu kwa jambo ambalo hakulifanya. "Ukinipamba nitafufuka nikuulize umejuaje," alisema. Mdogo mtu amejitahidi.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1963 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, zile za matofali zilizojipanga nyuma ya stesheni. Baba yao alikuwa mpiga ishara wa treni, mama yao mshonaji. Alikuwa kifungua mimba, na tangu alipojua kusema alikuwa mtoto wa kuuliza. Treni ikichelewa alitaka kujua imekutana na nini njiani. Akiwa na miaka sita hivi, mbwa wa jirani alimng'ata mguuni. Mama alimwosha kidonda huku akimgombeza mbwa, mwenye mbwa, na ukoo mzima wa mwenye mbwa. Mtoto alipofungwa kitambaa alishuka kitandani, akachechemea mpaka kwa jirani na kubisha hodi. Jirani akadhani amekuja kudai haki yake. Kumbe amekuja kuuliza mbwa alikuwa amekasirikia nini.

"Na wewe umemfanya nini mbwa wa watu?" jirani akamuuliza.

"Nilikaa penye kivuli chake," akajibu. "Sikujua ni chake."

Baba aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta, akasema huyu binti hukumu yake itachelewa, maana lazima kwanza asikie upande wa pili. Jina likamganda hapo hapo. Upande wa Pili lilimfuata shuleni, likamfuata kazini, na leo limemfuata hapa.

Alianza shule ya msingi Januari 1970 na kuingia sekondari Januari 1977. Mnaomwona gwiji wa Kiingereza mtashangaa: kidato cha pili alipata alama mbovu katika ufupisho wa habari. Alikuwa ameandika vizuri, sentensi zimenyooka, mwandiko wa kupendeza. Mwalimu wake aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Haya ni mawazo yako. Mwandishi alisema nini?" Binti alinuna wiki nzima. Kisha akairudia ile habari, akaisoma tena, na akakuta kwamba kweli mwandishi hakusema hata nusu ya yale aliyomsingizia. Alisimulia jambo hilo maisha yake yote, tena kwa mshangao ule ule, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba aliyokulia ina chumba asichowahi kukifungua. Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1985.

Tarehe 13 Januari 1986 aliripoti katika shule ya sekondari ya kutwa ambayo hakuihama tena. Darasa lake lilitazamana na karakana ya kuchomelea vyuma, na wanafunzi wake walijifunza kupaza sauti ili washindane na mashine. Kila mwaka alikabidhiwa darasa la mtihani wa mwisho. Na kila mwaka, akisahihisha mtihani wa majaribio, alijiuliza swali lile lile: mbona watoto wanaojua Kiingereza wanafeli Kiingereza? Wengine walisema watoto ni wavivu. Yeye hakuridhika. Aliwaita mmoja mmoja, akawaambia, "Hebu nisomee swali. Sasa niambie kwa maneno yako linataka nini." Wapi! Mtoto anasoma swali moja, anajibu jingine kabisa, tena kwa kujiamini. Mwalimu akagundua ugonjwa ni ule wake wa kidato cha pili: hawakusikiliza.

Ndipo alipobuni mdahalo wa Ijumaa. Wengi wenu hapa mliutolea jasho, kwa hiyo mtavumilia wengine waelezwe. Kwanza, kama unaunga mkono hoja, unakaa upande wa kupinga, na kama unapinga unaunga mkono. Pili, huruhusiwi kujibu mpaka useme hoja ya mpinzani wako kwa maneno yako, na mpinzani mwenyewe akubali kwamba umemwelewa. Akisema bado, unarudia. Darasani ilikuwa Kiingereza kitupu. Nyumbani kwake, ambako kanuni ilitumika bila huruma, neno la kukubali lilikuwa hili: "Hapo umenielewa."

Kuna kiranja mmoja, mtu mzima sasa, yupo hapa na hatatajwa, aliyekuwa moto wa kuotea mbali kwa mambo ya sare. Shati likichomoza tu, amekwisha kukuandika. Hoja ikaletwa kwamba sare zifutwe, na yeye akalazimika kuitetea. Alianza kwa kubabaika. Katikati akaanza kueleza habari ya mwenzake anayefua shati moja kila jioni na kulivaa bichi asubuhi, kwa sababu la pili hana. Mwenzake huyo alikuwa amekaa mbele yake. Kiranja alimaliza, akakaa, akajishangaa. Mwalimu alikuwa ameegemea dirisha, anatabasamu na kusubiri nani atauliza swali.

Basi akaja mkuu wa shule mpya, mwalimu wa hisabati, mtu mwema lakini wa mstari mmoja. Akasema, "Mwalimu, mtihani hauna mdahalo. Ijumaa wafanye maswali ya miaka iliyopita." Mwalimu akamwambia hana ugomvi, ila jambo lijadiliwe mbele ya darasa, kwa kanuni. Mkuu akakubali kabla hajauliza kanuni yenyewe. Lo! Kumbe ni yeye atakayetetea mdahalo, na Mwalimu ndiye atakayeupinga.

Mkuu alijiandaa kweli. Alikaa nyuma ya darasa la Mwalimu muhula mzima akitafuta hoja, akawa anauliza watoto maswali mpaka wakamzoea. Siku ilipofika alizungumza kwa jasho. Kisha akasimama Mwalimu, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni yeye tu duniani angelifanya: aliupinga mdahalo wake kwa moyo wote. Alieleza woga wa mtoto asiye na ulimi mwepesi, na muda unavyoyoyoma. Darasa likapiga kura, na Mwalimu akashinda. Mdahalo ukafutwa na watoto wale wale waliokuwa wakiupenda.

"Mlikuwa na hoja nzuri, madamu, tungefanyaje?" walimwambia wakati wengine wanalia.

Alirudi nyumbani bila kumuuliza mtu swali, na wanaomjua wanajua hiyo ilikuwa habari. Jumatatu mkuu alimwita ofisini. Akamwambia kura ameiheshimu, Ijumaa ni maswali ya mtihani. "Lakini Jumatano mchana nina kipindi changu cha hisabati, na nakupa ufanyie mdahalo. Nimeusikiliza huo upande wangu mpaka nimeuamini." Matokeo ya mwaka ule yalimfurahisha kila mtu, ingawa Mwalimu alionya tusiseme ni mdahalo peke yake. Aliuliza tumejuaje.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na fundi wa miwani, mtu wa maneno machache. Walikutana dukani kwa fundi, Mwalimu amekalia miwani yake mwenyewe na kuivunja. Fundi alipoibadilishia vioo na kumwambia sasa unaona vizuri, akaulizwa: "Umejuaje ninavyoona mimi?" Hakuwahi kuulizwa hivyo, na akaliwaza swali lile hadi alipopata sababu ya kumtafuta mwenye swali. Alipoomba uchumba aliambiwa aseme kwanza kwa nini mwanamke mwenye akili angemkataa. Maskini fundi akahesabu: ni mkimya, anachelewa kazini, hajui kucheza muziki.

"Bado," Mwalimu akasema.

"Na mama yangu," fundi akaongeza kwa sauti ndogo.

"Hapo umenielewa. Nimekubali."

Mama mkwe na mkwe walipendana baadaye, hilo nalo lisemwe. Walijaliwa binti mmoja. Na kwa muda wote wa ndoa yao, fundi aliamka kabla ya mkewe, akachukua miwani yake iliyokuwa kando ya kitanda, akaisafisha kwa kitambaa laini na kuirudisha ilipokuwa. Hakuna aliyemwomba.

Februari mwaka huu Mwalimu alianza kupungua mwili na kukosa hamu ya chakula. Vipimo vilionyesha saratani ya ini. Alipewa tiba kwa awamu, na kati ya awamu na awamu alirudi darasani akiwa na khanga mabegani kwa baridi isiyokuwepo. Julai alilazwa. Daktari akasema ipo awamu nyingine ya kujaribu, matumaini ni madogo, na italazimu abaki wodini miezi. Au aende nyumbani na dawa za maumivu.

Mwalimu alitaka nyumbani. Mumewe alikataa katakata. Mtu yule mpole alipandisha sauti wodini: "Hatukati tamaa! Mimi siwezi!" Siku kadhaa walikuwa hawaelewani, wale wawili ambao hawakuwahi kulala na kinyongo. Iliuma kuwatazama. Alasiri moja, wakati wa kuona wagonjwa, binti yao akavuta stuli katikati yao akasema, "Mama, kanuni ni yako. Baba, unaijua. Anzeni."

Mwalimu alitangulia, pole pole, kwa upande wa kubaki hospitali. "Mtu huyu ameona matumaini madogo, na madogo si sifuri. Hajawahi kutengeneza kitu akakiacha nusu. Halafu kila asubuhi anasafisha miwani yangu. Nikiondoka, ataamka asafishe nini?"

Fundi aliinamisha kichwa. Akasema, "Hapo umenielewa."

Ikawa zamu yake. "Anataka nyumbani kwa sababu amechoka," akasema.

"Bado."

"Kwa sababu hataki tumwone akiteseka."

"Bado, mume wangu. Sikiliza."

Akamtazama mkewe usoni. Kisha akasema: "Wodi itampa siku, lakini siku zenyewe hazina kazi. Darasa lake lina mtihani. Anataka kuwasikia mpaka mwisho. Hajakata tamaa. Hamu yake ya kujua bado haijaisha."

Mwalimu alifumba macho, machozi yakamtoka. "Hapo umenielewa."

Hakuna aliyepiga kura. Fundi aliinama, akatoa ndala za mkewe chini ya kitanda, akazitia kwenye begi.

Akarudi nyumbani. Darasa la mtihani likahamia sebuleni, vikundi kwa vikundi, wengine wamekaa sakafuni. Alisahihisha ufupisho akiwa amelala kwenye kochi, akisomewa. Mdahalo wa mwisho hoja waliichagua wenyewe, hawakumwambia nani kaitunga: kwamba swali zuri lina thamani kubwa kuliko jibu zuri. Aliwakalisha wote upande wa jibu. Alifariki nyumbani tarehe 3 Oktoba, saa mbili asubuhi, mumewe na binti yake wakiwa wamemshika mikono.

Ameacha mume, binti, mkwe, mjukuu mmoja ambaye ameanza kuuliza, mdogo wake anayesoma haya, na wanafunzi wasiohesabika. Nyinyi wa darasa la mwaka huu, mtihani ni Jumatatu ijayo, na mzigo wake kwenu ni mwepesi: msome swali mpaka liweze kuwaambia limeeleweka.

Asubuhi ya leo shemeji, fundi wetu, aliamka kabla ya watu wote. Alichukua miwani, akaisafisha kwa kile kitambaa, akampelekea mkewe jenezani na kumvalisha. Anayo sasa hivi.

Apumzike kwa amani, Mwalimu wetu, na huko aliko apate wa kumjibu.