Risasi ya Fundi Polikarpo

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Polikarpo Nandonde, fundi wa umeme wa Temeke, aliyezikwa Jumamosi iliyopita. Wengi mlimjua kwa redio zenu alizozifufua. Wachache wanajua kwamba mwaka 1972 nusura apotee kwa sababu ya neno moja. Neno hilo ni risasi.

Tuanze na mashine. Ilikuwa meza ya mchezo wa gololi, iliyoundwa Chicago, ikaletwa kabla ya Uhuru na Mzungu mwenye baa kule Kunduchi. Mzungu akaondoka, meza ikabaki ghalani ikiliwa na chumvi, hadi mwenye baa mpya alipomkabidhi Polikarpo. Miguu minne, kioo juu, ubao ulioinama. Mchezaji huvuta mtambo wa springi, gololi ya chuma hufyatuka, hugonga huku na huku, kengele hulia, magurudumu ya namba husogea. Ndani hamna akili yoyote. Mna sumaku za umeme zinazofunga na kufungua: tak, tak, tak. Na mna timazi ya shaba iliyoning'inia ndani ya pete. Mwenye hila akiitikisa meza, timazi hugusa pete, na mchezo wote hufa.

Ukumbukwe pia mwaka wenyewe. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, vita vilikuwa vikiwaka. Mjini watu waliambiwa wawe macho na wapelelezi wa Wareno, wakawa macho kupita kiasi. Polikarpo alikuwa Mmakonde, kabila la pande zote mbili za mto ule, mwenye chale usoni, na chumbani mwake mlikuwa na sanduku linalogonga.

Alasiri moja risasi ya kulehemu ilimwishia, umebaki waya mmoja tu wa kengele. Mafundi wa siku zile hawakuwa na jina jingine la kuiita. Akampigia kelele shemeji yake Gregori kupitia dirisha: "Shemeji, usirudi bila risasi. Mtambo uko tayari, leo leo nataka ufyatue."

Upande wa pili wa ua, jirani yao Mwamvita alikuwa akianua nguo. Hakumaliza kuanua.

Yuliana, mjane wa marehemu, anasimulia: "Nikamwona Mwamvita anapita mbio, hata salamu hanipi. Nikasema, huyu leo kaona nini? Kumbe sie ndio tulioonwa."

Kabla jua halijashuka mgambo walijaa uani, wakiongozwa na balozi wa nyumba kumi, Mzee Sadallah. Gregori alikwisha kukamatwa njiani. Hakuna aliyesema yuko wapi.

"Shikamoo, mzee," Polikarpo alisema.

Mzee hakuitikia. Mtu mzima wa Pwani kutoitikia shikamoo ni hukumu.

"Fungua chumba, ndugu." Siku zote alimwita mwanangu.

Meza ilikuwa ikiwaka na kugonga. Mgambo mmoja akaikamata kwa mikono miwili.

"Usiitikise," Polikarpo alisema kwa sauti ya chini. "Itakufa."

"Nani atakufa?"

Mgambo akaitikisa. Timazi ikagusa pete. Taa zikazimika, kugonga kukakoma. Wanaume wale wakarudi nyuma wakikanyagana mlangoni, na bunduki moja ikakokiwa. Yuliana alikuwa nyuma ya pazia, ameuma ncha ya kanga.

"Imekufa mashine, mzee, si mtu," Polikarpo alisema, mikono juu. "Huwa inasusa ikitikiswa."

"Na risasi?"

"Ya kulehemu, mzee. Ya kuungia waya."

Mzee Sadallah akatoa mfukoni kitu alichokutwa nacho Gregori: uzi wa kijivu uliosokotwa. Akaupinda kwa vidole. Ukapindika.

"Unga, tuone. Ikigoma, tunaondoka na wewe."

Polikarpo akaunga, mtutu ukiwa nyuma ya shingo yake. Akauanzisha mchezo upya, akavuta mtambo. Gololi ikapanda, kengele ikalia, na kwa mlio ule bunduki zote zikainuka. Gololi ikashuka polepole, ikatumbukia shimoni.

"Ndiyo hivyo tu?" mzee akauliza.

"Ndiyo hivyo tu."

"Wazungu wana kazi."

Gregori alirudi asubuhi, jino moja pungufu. Hakuna aliyeomba radhi. Tangu siku hiyo Polikarpo alifanya kazi mlango ukiwa wazi, hata mvua ikinyesha, kila mpita njia aone mikono yake. Watu walimsifu kwa uwazi.

"Haukuwa uwazi," Yuliana anasema. "Alikuwa anaogopa. Hata hospitalini, juzi, aliwaomba wauguzi wasifunge mlango."

Kwa Yuliana, kwa Gregori na kwa wana wa marehemu: poleni sana, Mungu awatie nguvu. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, jioni ya leo mtasikia sauti ya jirani kutoka upande wa pili wa ua. Tafakarini kama mmewahi kwenda kumuuliza alimaanisha nini.