Mayai Niliyompelekea Zainabu

Swabir, izime hiyo redio, na wewe Fauzia niinue kidogo, kwa kuwa kifua kimenibana na maneno niliyo nayo sitayarudia. Shamba na nyumba hii ya Mwabungo mtagawana kama sheria ilivyopanga, hapo sina neno. Ninalolilia ni kuku, wanangu. Tangu jana sijaamini masikio yangu.

Mlimleta Menza, daktari wa mifugo kutoka Matuga, mkadhani amekuja kutibu, kumbe amekuja kunivua nguo. Mlinibeba na kiti hadi mlangoni mwa banda, magharibi, kuku wameshatulia, akaniambia, "Mama, usiseme kitu, sikiliza tu." Nikawasikia wakikoroma, mmoja huku, mwingine kule. Akanionyesha macho yenye povu, nyuso zilizovimba, makamasi yaliyoganda puani pamoja na vumbi. Nikamwambia ni mafua tu, huja yakapita, hawafi wengi. Akasema hapo ndipo ugonjwa huu unapodanganya watu: hauui banda kwa siku moja, hukaa miaka, mayai yakapungua, vifaranga wakadumaa, na kuku aliyepona hubaki nao mwilini akauingiza ndani ya yai. Dawa huutuliza, haiung'oi.

Ndani ya yai!

Kwa maana mimi, kila mafua yalipopita, niliwachagua walewale waliopona niwafanye mbegu, nikijisifu kuwa wana damu kali. Na mayai yao ndiyo niliyompelekea mdogo wangu Zainabu alipoolewa Kinango, ayaatamishe. Kuku aliowakuta huko kwa mumewe, wazima, wakaanza kukoroma. Alipokuja kuniambia, "Dada, kuku wako wana ugonjwa," nilimgeuzia kibao. Kuku wangu nao walizidiwa juma lilelile, basi kwenye hitima ya baba yenu, watu wamejaa mkekani, nikasema Zainabu ana kijicho, ameliroga banda langu. Aliondoka bila kumaliza sahani yake. Leo ni miaka kumi na mmoja. Mtoto wa mama yangu! Nimempelekea maradhi kwa mkono wangu, kisha nikamwita mchawi. Subhanallah, nimekuwa mtu gani mimi?

Daktari akisharuhusu, wachinjeni wote, muwale. Asiuzwe hata mmoja, wala yai lisitoke kwenda kuatamiwa kwa mtu, hata aombe vipi. Osheni banda, lipigwe jua, likae tupu hadi Menza aridhike, na wapya watoke kwenye kundi lililopimwa. Kila jioni kabla ya kufunga mlango, nyamazeni, muwasikilize wanavyopumua.

Fauzia, kesho asubuhi nenda Kinango. Mwamkie mama yako mdogo, umwambie dada yake anamwita. Asipokuja, ana haki.

Nipeni maji... basi, yatosha. Swabir, jeneza langu likiwekwa mbele ya safu, watauliza kama marehemu anadaiwa. Utataka kunisitiri. Usinisitiri. Sema kwa sauti, wasikie walewale wa siku ile, kwamba mama anadaiwa na Zainabu, alimsingizia mbele ya watu.

Radhi zangu mnazo nyote wawili, kamili. Mungu awape kupendana... msiachane, hata mkikasirikiana.

Fauzia... nimesema kesho. Sivyo. Chukua mtandio wako, mwanangu. Nenda sasa.