Agnete Bundgaard, Ambaye Sura Yake Iliuzwa Akiwa Hai

Marehemu Agnete Bundgaard alizaliwa tarehe 9 Februari 1938 kwenye shamba dogo nje ya kijiji cha Hvidbæk, kisiwani Mors, akiwa kitinda mimba wa Karl na Johanne. Kwao nguruwe alichinjwa kila Novemba, na mtoto akishafikia kimo cha meza alikabidhiwa mpini wa mashine ya kusagia nyama. Agnete aliushika akiwa na miaka mitano, na akagoma kumwachia kaka yake.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1945 hadi 1952. Alipenda hesabu, akachukia kushona. Mwalimu alipomkanya kwamba msichana hapaswi kujibujibu, alimjibu. Baada ya kipaimara alipelekwa kufanya kazi kwenye shamba la watu, na mwaka 1956 akaingia jikoni mwa nyumba ya wageni ya Hvidbæk. Humo alikaa miaka hamsini na mitano.

Watu wa Mors hawahitaji kuelezwa alichokipika. Hata hivyo kielezwe, kwa sababu kimesemewa uongo mwingi. Frikadela zake, vile vibonge vya nyama vya kukaanga, zilikuwa nyama ya nguruwe na ya ndama, iliyosagwa mara mbili, ikatiwa kitunguu cha kukwaruzwa, mayai, maziwa, unga kidogo na chumvi. Aliipiga kwa mwiko wa mti mpaka ikashikana, akaiacha ipumzike kwenye baridi, kisha akaichota kwa kijiko na kuikaanga kwa siagi. Jumatano alipika nyama ya kusaga ya ng'ombe, bapa, iliyofunikwa vitunguu laini na mchuzi wa kahawia. Jumapili ilikuwa zamu ya sungura wa uongo, ule mkate mkubwa wa nyama ya kusaga unaovishwa vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi.

Kiangazi kimoja mgeni kutoka Kopenhagen alimwita kwa sauti mbele ya ukumbi mzima.

"Mama, nimemaliza nusu sahani, sijaona hata mfupa mmoja. Sungura gani huyu?"

Agnete alichungulia kwenye dirisha la jikoni. "Wa uongo, bwana. Ukimtaka mwenye mifupa, chukua bunduki. Shamba lile pale."

Watu walicheka mpaka machozi, na bwana yule alirudi kila mwaka.

Tarehe 20 Mei 1961 alifunga ndoa na Egon, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, katika kanisa hili hili. Walijaliwa watoto wawili, Preben na Lone, ambaye ndiye anayewasomea haya. Egon alikuwa mpole kupita kiasi. Siku moja wageni wa harusi walizidi, akamwomba mkewe aongeze unga kwenye nyama ili itoshe. "Punguza wageni," Agnete alimwambia, na hakugeuka hata kumtazama. Egon alisimulia kisa hicho hadi alipofariki mwaka 2006, na kila mara alikisimulia kwa fahari.

Baada ya msiba huo Agnete alimpa Preben mamlaka ya kusimamia mambo yake yote. Hakuuliza maswali. Alikuwa mwanawe.

Mwaka 2011 Preben aliiuza nyumba ya wageni. Mama alilia siku chache, akasema ni sawa, miguu ilikuwa imechoka. Ambacho hakuambiwa ni kwamba kiwanda cha chakula kilikuwa kimenunua pia jina lake na uso wake. Alijua siku alipokwenda dukani mjini Nykøbing kununua njegere. Ndani ya friji la vyakula vya kugandishwa aliiona picha yake mwenyewe, ile ya sherehe ya kutimiza miaka sabini, imechapwa kwenye pakiti mia. "Frikadela za Bibi Agnete." Aligeuza pakiti akasoma nyuma: maji, kuku, wanga wa viazi, unga wa njegere, nguruwe kidogo.

"Jamani, si wewe huyu?" msichana wa dukani alimuuliza kwa furaha.

"Uso ni wangu," alisema Agnete. "Uchafu huo si wangu."

Alizilaza pakiti zote kifudifudi, moja baada ya nyingine, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Alirudi Alhamisi iliyofuata akafanya vile vile, na iliyofuata tena, mpaka meneja alipompigia simu Preben. Preben alifika nyumbani amekasirika.

"Mama, unatuaibisha. Ni picha tu!"

"Picha ya nani?"

"Watu wanakupenda, Mama. Ndiyo maana wananunua."

"Watu wanatafuna maji na wanga, halafu wanamtukana nani? Wewe? Miaka hamsini sijampa mtu chakula nisichoweza kukila mwenyewe. Umewapa wewe, kwa jina langu. Toka nyumbani kwangu."

Mwanasheria alimwambia hana la kufanya, kwa kuwa mamlaka aliyatoa mwenyewe. Hakusema na mwanawe kwa miaka kumi na miwili. Wengi wenu mlimwita mama mwenye kinyongo. Mlimwambia asamehe, kisha mkapita dukani mkanunua. Tuliwaona.

Mwaka 2021 moyo wake ulidhoofu, akahamia nyumba ya wazee. Mwezi Septemba mwaka huu wa 2023, wakati wa chakula cha mchana, mhudumu alimwekea sahani mbele huku akitabasamu: "Leo nimekuletea zako, Agnete!" Zilikuwa zile za pakiti. Aliisukuma sahani ikapasuka sakafuni. Wakaandika kwamba akili imeanza kuchanganyikiwa, wakampa dawa ya kumtuliza. Binti yake alimkuta amelala mchana, kinywa wazi, mama ambaye hajawahi kulala mchana maisha yake yote. Akili yake haikuwa na kasoro. Alikuwa mtu pekee ndani ya ukumbi ule aliyejua anachokula.

Lone alimpigia kaka yake simu na kumtolea uvivu. Dawa zilisimamishwa. Preben alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama, nimewaomba kiwandani waitoe picha. Wamekataa."

"Sikukudai uwaombe wao. Nilitaka uniulize mimi. Siku ile, kabla. Ungeniuliza ningekataa, ungenuna wiki moja, mambo yangekwisha."

"Utanisamehe?"

"Sijui. Kaa."

Preben alikaa. Alikuja kila siku kwa wiki tano, na siku nyingi hawakuzungumza. Tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi, Agnete alifariki akiwa na miaka themanini na mitano. Mchungaji aliishauri familia iandike kwamba aliondoka akiwa na utulivu moyoni. Tunamheshimu mchungaji, lakini haikuwa hivyo, na neno la kusamehe halikutoka.

Kiwanda kimeleta shada lenye utepe wa dhahabu na jina lake kwa herufi zile zile za kwenye pakiti. Limewekwa nje ya geti. Jalada la ratiba hii halina picha, kwa sababu uso huo umeshatazamwa vya kutosha na watu wasiomjua.

Marehemu ameacha binti, Lone, mjukuu, Signe, na mtoto wa kiume, Preben, ambaye alisoma kila mstari wa wasifu huu kabla haujapelekwa kuchapwa. Aliulizwa kama anataka kitu kiondolewe. Akasema, "Msiondoe hata neno."

Mama, pumzika. Hasira tuachie sisi. Kazi yake haijaisha.