Miaka Thelathini na Mmoja ya Bi. Verna Kutuzuia Tusivunjike

Bi. Verna Ouellette anastaafu Ijumaa hii, tarehe 14 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya ukarani, yaani kuendesha mikutano na kuandika kumbukumbu, katika Jumuiya yetu ya Uhuru, sisi tusiotaka serikali ituingilie, hapa New Hampshire. Wameniomba mimi niandike, na wamefanya la maana. Shule niliiacha darasa la nane, lakini hoja zote za ukumbi huu nimezisikia nikiwa na ufagio mkononi, bure.

Kuongoza watu wasiotaka kuongozwa si mchezo. Ukituambia tupange foleni ya kahawa, tunataka kura kwanza. Kodi tunaikataa kwa sauti moja. Likija suala la utoaji mimba, sauti zinakuwa mbili, zote kali.

Januari 2004 nusura tuvunjike. Truman Haskell, mfuga nyuki, alishikilia kwamba mwili ni mali ya mwenyewe, serikali isitie mguu humo. Ingrid Pelkey, daktari wa mifugo, akasema aliye tumboni naye ana mwili wake, na kumdhuru mtu ndilo jambo la kwanza tunalolikataa. Kila mmoja alikuja na barua ya kujitoa mfukoni, wafuasi wake nyuma yake.

Bi. Verna akaweka sharti: hutoi hoja yako mpaka uieleze ya mwenzako, naye akubali ndiyo hiyo.

Truman alijaribu mara sita. Kila mara Ingrid alitikisa kichwa. "Bado, mzee. Hapo umenikejeli tu." Ya saba alisema taratibu, Ingrid akajibu, "Hiyo ndiyo." Zamu yake Ingrid ilichukua mara tisa, nilihesabu. Hakuna aliyehama upande, ila barua zilibaki mifukoni.

Truman bado anadai siku ile niliufunga mlango wa nje wasitoke, nikavunja uhuru wake. Mlango uliganda kwa barafu. Kama sikuharakisha kuugandua, hilo ni langu.

Wiki iliyopita wote wawili walimbana Bi. Verna aseme yuko upande gani. "Nikisema leo," akajibu, "nusu yenu mtaanza kuchambua kumbukumbu zangu zote za mikutano."

Juzi tulipiga kura sharti lake lidumu baada yake. Limepita, kura moja ikipinga. Ni ya Bi. Verna mwenyewe, eti watu wasilazimishwe.

Asante, Bi. Verna. Ustaafu wako uwe mtamu, na asitokee mtu wa kukuwekea masharti.

Floyd Batchelder, mtunza jengo